Usifiche Ugonjwa, Tafuta Karatasi: Historia ya Afya na Maombi ya Ukaazi wa Kudumu

Kama umewahi kufanya kazi Ghuba, kuna maneno mawili unayajua vizuri sana: fiti na anfiti. Kabla hujaondoka Dar au Mombasa ulipelekwa kituo cha vipimo, ukatolewa damu, ukapigwa eksirei, ukakaa unasubiri. Ukitoka fiti, unasafiri. Ukitoka anfiti, hela ya ajenti imekwenda na maji. Na ukifika unapimwa tena kwa ajili ya ikama, na kila wakati wa kuihuisha roho inadunda upya.

Woga huo ndio unaotuponza siku tunapoanza kuomba ukaazi wa kudumu Kanada, Marekani au Uingereza. Aliyewahi kuugua TB anaandika "sijawahi". Mama mwenye sukari anaficha vidonge ndani ya begi. Mwenye VVU anakata tamaa na haombi kabisa, kumbe huenda angekubaliwa. Tunadhani mambo ni yaleyale ya fiti na anfiti. Siyo. Huko maswali ni mengine, na mara nyingi kinachomwangusha mtu si ugonjwa, ni uongo.

Kipimo cha Ghuba kinauliza swali jingine

Nchi za Ghuba hazimpi mfanyakazi wa ndani au fundi wa ujenzi ukaazi wa kudumu. Zinampa ruhusa ya kufanya kazi chini ya kafili, kwa mkataba, basi. Kwa hiyo kipimo chao kinauliza kama mtu huyu anafaa kwa kazi sasa hivi. Ndiyo maana kovu la TB ya zamani kwenye mapafu laweza kukufanya anfiti hata kama ulishapona miaka kumi iliyopita. Na VVU ikigundulika, mgeni anarudishwa kwao.

Nchi inayotoa ukaazi wa kudumu inajiuliza mambo mengine. Je, mtu huyu ana ugonjwa unaoweza kuambukiza watu leo? Je, hali yake ni hatari kwa wengine? Na baadhi ya nchi zinaongeza swali la tatu: matibabu yake yatagharimu kiasi gani? Ona kwamba swali la "umewahi kuugua?" haliko peke yake. Linaulizwa ili daktari ajue afuatilie nini. Kuwahi kuugua na kupona si kosa.

Marekani

Anayeomba grini kadi anapimwa na daktari aliyeidhinishwa na serikali ya Marekani, si daktari wako wa kawaida. Ukiwa nje ya Marekani unapimwa kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, katika nchi utakayofanyia usaili. Ukiwa tayari uko ndani ya Marekani, daktari anajaza fomu I-693.

Magonjwa ya kuambukiza yanayozuia ni machache kuliko watu wanavyodhani: TB inayoambukiza, kaswende na kisonono ambavyo havijatibiwa, ukoma unaoambukiza, na machache mengine ya mlipuko. VVU iliondolewa kwenye orodha hiyo tangu tarehe 4 Januari 2010. Ndiyo, tangu 2010, na bado kuna ndugu zetu wanaoambiwa na madalali kwamba mwenye VVU haendi Marekani.

Daktari hugawa matokeo katika makundi mawili. Kundi A ni hali inayozuia visa mpaka itibiwe au upate msamaha maalumu. Kundi B ni hali inayotakiwa kuandikwa na kufuatiliwa, lakini haikuzuii yenyewe. Mtu mwenye kovu la TB iliyopona mara nyingi huangukia kundi B.

Yako mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza ni dawa za kulevya na pombe. Bangi, hata katika majimbo yaliyoiruhusu, bado ni kosa kwa sheria ya shirikisho, na anayeitumia anaweza kukwama. Kukamatwa ukiendesha gari umelewa nako kunamfanya daktari achunguze zaidi. Kama una historia hiyo, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda kupimwa. La pili ni kanuni ya kutokuwa mzigo kwa serikali. Hapo afisa anatazama umri, afya, familia, mali, elimu na ujuzi wako kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye sukari au presha aende na ushahidi kwamba hali imedhibitiwa, na kwamba ana kazi, akiba au mdhamini.

Milango ya visa za Marekani hufungwa na kufunguliwa kwa amri za kisiasa, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kabla hujalipa chochote, hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi kwamba mlango wako uko wazi.

Kanada

Kanada ndiyo nchi ambayo swali la gharama linawagusa wafanyakazi wengi. Mwombaji anaweza kukataliwa kwa sababu tatu za afya: hatari kwa afya ya umma, hatari kwa usalama wa umma, au mzigo mkubwa kupita kiasi kwa huduma za afya na jamii.

Huo mzigo una kipimo. Mwaka 2018 serikali ilikiongeza mara tatu, na kwa mwaka 2024 kilikuwa Dola za Kanada 26,220 kwa mwaka, yaani 131,100 kwa miaka mitano. Kiwango hurekebishwa kila mwaka. Gharama zako zikitarajiwa kuwa chini ya hapo, mlango huu haukufungii. Presha na sukari inayodhibitiwa kwa vidonge kwa kawaida haifiki huko. Kusafishwa damu kwa sababu ya figo kushindwa kunaweza kuvuka kwa mbali. Kwa VVU, hesabu inategemea dawa unazotumia na bei yake.

Kuna waliosamehewa kabisa hesabu hii ya gharama: wakimbizi na watu wanaolindwa, na mume, mke au mtoto tegemezi anayeombewa na ndugu yake aliyeko Kanada. Kwa hiyo dada anayeombewa na mumewe wa Toronto hawezi kukataliwa kwa sababu tu dawa zake ni ghali. Bado atapimwa, lakini swali la hela halimhusu.

Afisa akiona tatizo hakukatai siku hiyohiyo. Anakuandikia barua ya kukupa nafasi ya kujieleza, na kwa masuala ya afya kwa kawaida unapewa siku 90. Hapo unaweza kuleta ripoti ya daktari bingwa, bei halisi ya dawa, au mpango wa jinsi utakavyopunguza gharama. Watu wengi wakipata barua hiyo wanadhani wamekataliwa na wanakaa kimya. Kukaa kimya ndiko kunakowakataisha.

Na tukumbuke tulikotoka. Juana Tejada alikuwa mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino, aliyeingia Kanada mwaka 2003. Alitimiza miaka yake ya kazi, akaomba ukaazi wa kudumu, na kipimo cha mwaka 2006 kikamkuta na saratani ya utumbo mpana. Maombi yake yakakataliwa kwa sababu ya gharama za matibabu. Wafanyakazi wenzake na vyama vya jamii walipaza sauti, na mwaka 2008 akapewa ukaazi. Alifariki Machi 2009. Mwaka 2010 kanuni ikabadilishwa ili wafanyakazi wa ndani wa mpango ule waliokwishapimwa wakiingia wasilazimike kupimwa mara ya pili wanapoomba ukaazi. Mpango ule haupo tena, lakini fundisho lipo: uamuzi wa kwanza si mwisho, na mtu mwenye nyaraka na watu nyuma yake ana pa kusimamia.

Uingereza

Hapa kuna habari njema. Anayeomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya Uingereza hapimwi afya. Kipimo kinakuja mapema zaidi: anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na kuomba visa ya zaidi ya miezi 6 anatakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha TB kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Cheti hicho kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kupima mapema mno.

Kinachowakwaza wengi Uingereza ni deni la hospitali. Mgeni mwenye deni la NHS la pauni 500 au zaidi anaweza kukataliwa maombi yake ya uhamiaji. Anayelipa ile ada ya afya ya wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima katika visa nyingi, anatibiwa kama wakazi wengine. Lakini kama visa iliisha ukatibiwa katikati, bili inaweza kukungoja. Ukiwa nalo deni, andika barua uombe kulipa kidogokidogo kabla hujapeleka maombi. Na usiogope kutibiwa TB au VVU: kwa Uingereza matibabu ya magonjwa haya hayatozwi mtu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Uliwahi kuugua TB? Soma hapa

Tuchukue mfano. Kaka fundi wa zege aliugua TB Tanga akiwa kijana, akameza dawa miezi sita, akapona. Sasa anaomba ukaazi Kanada. Kwenye fomu anaandika hajawahi kuugua. Eksirei inaonyesha kovu. Sasa daktari ana maswali mawili badala ya moja: kovu hili ni la nini, na kwa nini mtu huyu anasema hana historia?

Angesema kweli, hatua zingekuwa hizi. Daktari angeomba karatasi za matibabu. Angemtaka atoe makohozi siku tatu mfululizo. Makohozi hayo yanapandwa maabara, na majibu huchukua hadi wiki 8. Yakiwa safi, maombi yanaendelea, na akifika Kanada anaweza kutakiwa kuripoti kwa mamlaka ya afya ili aangaliwe. Huo ni usumbufu na ucheleweshaji, lakini mlango hauja­fungwa.

Yakikutwa na vimelea, anatibiwa kwanza, kwa kawaida miezi sita au zaidi, halafu anapimwa upya. Dawa za TB kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya ni bure. Kinachouma ni miezi ya kungoja, na hiyo tutaizungumzia kwenye hela.

Unapimiwa wapi? Fikiri kwanza

Jambo hili wengi hawalifikirii. Kanada inakuruhusu kuchagua daktari aliyeidhinishwa popote alipo. Sasa kama uko Muscat, Doha au Riyadh, daktari wa huko anafuata sheria za nchi aliyopo. Akikuta VVU, jambo hilo linaweza kufika kwenye mamlaka za nchi hiyo, nawe ukapoteza kazi na ikama kabla Kanada haijasema neno.

Kwa hiyo ukienda likizo nyumbani, pima afya yako kwa hiari kwanza: VVU, kaswende, sukari, presha, figo, na eksirei ya kifua. Ukishaijua hali yako, ndipo uamue upimwe rasmi wapi. Na mafundi mnaoshinda juani msidharau kipimo cha figo. Kanada inapima damu ya figo kwa kila mwombaji kuanzia miaka 15, na mwili unaokosa maji siku nyingi kwenye joto unaziumiza figo bila kelele.

Lakini kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku na unakonda, usingoje likizo wala visa. Nenda hospitali. Uhai wako, na wa wale unaolala nao chumba kimoja, ni mkubwa kuliko karatasi yoyote.

Watoto walioko nyumbani

Hapa ndipo familia zinapovunjika. Dada anaomba ukaazi Kanada, na ana mtoto mgonjwa kwa bibi yake kijijini. Anaambiwa: "Usimtaje, atakuharibia." Anaacha jina lake. Anapata ukaazi, anatafuta hela, miaka mitatu baadaye anataka kumleta mtoto. Sheria ya Kanada inasema mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati wa maombi ya kwanza, kwa kawaida hawezi kuombewa baadaye kama mwanafamilia.

Wataje wote, hata wale ambao hawasafiri na wewe sasa. Wapimwe pia wakitakiwa. Ni kweli kwamba katika maombi ya njia ya kazi, mmoja akikwama kwa afya familia nzima inaweza kukwama. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa mkubwa au ulemavu aandaliwe mapema: ripoti ya daktari, dawa anazotumia, shule anayosoma, na ushauri wa mwanasheria kabla ya kuwasilisha. Hiyo ni kazi ngumu, lakini ina njia. Mtoto aliyefichwa hana njia.

Uongo unagharimu kiasi gani

Kanada ikikukuta umedanganya, inakukataa na kukufungia miaka 5. Uingereza inaweza kukufungia miaka 10 kwa udanganyifu kwenye maombi ya visa. Marekani, uongo kuhusu jambo la msingi unaweza kukuzuia maisha yako yote, mpaka upate msamaha, na msamaha haupatikani kirahisi. Linganisha na wiki 8 za kungoja makohozi.

Jihadhari pia na dalali anayesema atabadilisha eksirei au atamtuma mtu mwingine apimwe kwa jina lako. Kliniki hizi zinakagua pasipoti na kupiga picha, na matokeo yanakwenda moja kwa moja kwa uhamiaji. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue. Anayekuuzia matokeo safi anakuuzia kifungo cha miaka, na hela yake hairudi.

Karatasi za kutafuta kuanzia leo

Tuma mtu unayemwamini nyumbani, au zifuate mwenyewe likizo:

1. Kadi au barua ya kumaliza dozi ya TB. Kama kadi imepotea, nenda kituo ulichotibiwa au kwa mratibu wa TB wa wilaya. Majina huandikwa kwenye rejesta.
2. Barua ya daktari inayosema ugonjwa, tarehe ulipoanza, dawa na kipimo chake, na hali ya sasa. Kwa VVU, weka majibu ya wingi wa virusi. Kwa sukari na presha, vipimo vya miezi ya karibuni.
3. Ripoti za operesheni au kulazwa, na eksirei za zamani. Picha ya zamani inayofanana na ya leo inasaidia kuonyesha kwamba kovu halijabadilika.
4. Kadi za chanjo za watu wazima na watoto. Kwa Marekani usipokuwa nazo utachomwa upya na utalipia.
5. Jina. Kadi nyingi za kliniki zimeandikwa "Mama Asha" au jina la ukoo lililokosewa. Omba barua ya kituo inayounganisha jina hilo na jina la pasipoti.

Mama mjamzito amwambie daktari kabla ya eksirei. Inaweza kusogezwa mpaka ajifungue, au kufanywa kwa kinga, kulingana na nchi.

Sasa hela

Weka fungu la afya mbali na ada ya visa. Vipimo unalipa mwenyewe, kwa kila mwanafamilia, na bei inatofautiana kati ya kliniki na kliniki, kwa hiyo piga simu uulize mapema. Ongeza nauli na malazi ya familia kwenda Dar, Nairobi au Kampala, chanjo, tafsiri ya nyaraka, na akiba ya vipimo vya ziada.

Halafu weka akiba ya kungoja. Kama uliwahi kuugua TB, au umeishi na mgonjwa, panga kana kwamba utachelewa miezi miwili. Ukiweza, weka matumizi ya miezi sita. Tuma nyumbani kidogo kidogo kwenye akaunti ya peke yake, si ile ya ada za shule, maana fungu lisilo na jina huliwa na msiba wa kwanza.

Na hili ni kubwa kuliko yote: usivunje mkataba na kafili, usiuze kiwanja, usinunue tiketi, mpaka afya ipite na visa iwe mkononi. Matokeo ya vipimo yana muda wake pia. Ya Kanada kwa kawaida ni miezi 12. Ya Marekani kwa anayeombea nje ni hadi miezi 6, na yanaweza kuwa mafupi zaidi kwa mwenye historia ya TB. Ukipima mapema kupita kiasi, utapima tena na kulipa tena.

Ugonjwa si aibu, na kupona si siri ya kufichwa. Tulijifunza kuogopa kwa sababu tulikopita, neno moja la daktari lilitosha kukupandisha ndege ya kurudi. Unakoomba sasa kuna kujieleza, kuna kuleta ushahidi, kuna hata kukata rufaa. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, piga simu nyumbani uulize jambo moja tu: "Mama, ile kadi yangu ya kliniki bado ipo?"